Kijani cha Mkiani mwa Mfereji

Leo tuzungumze juu ya mfereji uliotengenezwa upya. Mfereji ukishasakafiwa kwa saruji hupendeza macho, lakini swali la mkulima ni lile lile: je, maji yanafika mkiani?

Siku hizi jambo hilo huangaliwa hata kutoka angani, kwa picha za setilaiti. Landsat ya kwanza, ya Marekani, ilirushwa mwaka 1972. Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zilianza mwaka 2015, na picha zake hutolewa bure. Setilaiti mbili zikifanya kazi pamoja, shamba lako hupigwa picha kila baada ya siku 5 hivi. Kila doa la picha ni meta 10 kwa 10. Kwa hiyo mfereji wenyewe, wenye upana wa meta moja au mbili, hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni shamba. Jaruba la meta 20 kwa 20 huchukua kama madoa manne.

Tena setilaiti haioni kama jicho letu. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao sisi hatuuoni. Setilaiti hupima yote miwili, na kwa hesabu yake tunajua wapi pana majani mengi na wapi pakavu.

Sasa hapo ndipo penye mtego, nami nilinaswa. Katika skimu moja ya mpunga nilipata picha ya mwezi wa Februari, mfereji ukiwa umeshatengenezwa. Kutoka kwenye banio mpaka mkiani ni kijani kitupu! Nikaipeleka kikaoni. Viongozi wakafurahi mno, kwa sababu wenzetu wa mkiani walikuwa wamegoma kulipa ada ya maji, wakisema hawapati kitu. Basi karatasi imewaumbua. Mama mmoja mtu mzima akasimama, akasema, "Mwanangu, twende ukakione hicho kijani." Tukaenda kwa miguu. Majaruba yalikuwa yamejaa ndago na nyasi zilizooteshwa na mvua, hakuna hata shina moja la mpunga. Walikuwa wamengoja maji ya kupandikizia, hawakuyapata, wakaacha. Niliona haya. Kikao kikasimamisha ile ada mpaka kigawa maji cha katikati kikaguliwe.

Kosa langu lilikuwa kutazama picha moja. Mpunga wa kupandikiza una mwendo wake: kwanza jaruba hujaa maji, na pichani huwa jeusi, halafu majani huyafunika maji na kijani huongezeka wiki hadi wiki, mwishowe mpunga huiva ukawa wa manjano. Jaruba lisiloonyesha maji mwanzoni, kisha likawa kijani ghafla, litilie shaka. Huko Geita kuna kinyume chake: shimo la wachimbaji lililojaa maji laweza kufanana na jaruba, ila kijani hakifuati. Na mawingu ya masika yakiziba, zipo picha za rada, za Sentinel-1 tangu mwaka 2014, ambazo hupenya mawingu. Maji yaliyotulia huonekana meusi humo.

Liko na suala la mvua. Mwaka wa mvua njema kila mtu ana mpunga, na mfereji husifiwa bure. Kwa hiyo linganisha majaruba ya skimu na ya jirani yanayotegemea mvua tu, hasa pale mvua inapokatika katikati ya masika. Yote yakinyauka, saruji haijasaidia. Ya skimu yakibaki kijani mpaka la mwisho, hapo mfereji umefanya kazi.

Ombi langu kwenu, hasa ninyi wa mkiani: wekeni daftari. Andikeni siku maji yalipofika, siku yalipokatika, siku mliyopandikiza. Bila tarehe hizo mtaalamu hubahatisha tu, kama nilivyobahatisha mimi. Daftari hilo mpelekeeni bwana shamba au bibi shamba wenu kabla ya kikao cha ada, si baada yake. Kwaherini.