Kabati Lako Kabla ya Idi

Idi inakaribia, na wengi mshaanza kupanga safari ya Kongowea au Gikomba. Ngojeni kwanza!

Juzi nilitoa nguo zangu zote nikazipanga kitandani. Mashati 19, ninayovaa ni 5 tu. Yale 14 niliyanunua kwa kuwa wenzangu walikuwa nayo.

Basi fanya hivi: bakisha unazozivaa, na ukinunua, shika rangi chache zinazooana. Mashati 5 na suruali 3 zikifuatana zote, ushapata mavazi 15. Hapo mtindo utakuwa wako, si wa rafiki yako.

Hayo mengine yafue, yapige pasi, mpelekee jirani asiye na nguo ya Idi.