Kusoma Hadi Chini: Kompaila na Asili ya Programu Tunazoziamini



Mada yangu ni kompaila. Wengi humu ukumbini hamjawahi kuiona, na hamkuwa na sababu ya kuiona. Mwananchi anapopewa kumbukumbu namba ya malipo na kulipia huduma ya serikali kwa simu, kompaila imekwisha maliza kazi yake zamani, katika mji mwingine, pengine katika bara jingine. Binadamu huandika programu kwa lugha anayoweza kuisoma. Mashine haiijui lugha hiyo. Inajua namba tu. Kompaila ni programu inayopokea maandishi ya binadamu na kutoa namba zitakazotekelezwa na mashine. Kinachofika kwenye simu yako ni namba hizo. Maandishi yalibaki kwa aliyeyaandika.

Ninalotaka kulitetea leo ni hili: mtu aliyesoma maandishi ya programu bado hajaisoma programu. Kati ya maandishi na namba yupo mtafsiri, na mtafsiri huyo naye alitafsiriwa na mwingine. Nchi inayotaka watu wa kukagua mifumo yake ya kodi, ya hospitali na ya uchaguzi inahitaji watu waliofundishwa kusoma ukoo huo hadi chini kabisa.

Historia ya mwanzo nitaipitia haraka. Mwaka 1952, Grace Hopper alitengeneza A-0 kwa ajili ya kompyuta ya UNIVAC, programu iliyokuwa ikikusanya vipande vilivyokwisha andikwa na kuviunganisha. Mwaka 1957, John Backus na wenzake wa IBM walikamilisha kompaila ya Fortran kwa kompyuta ya IBM 704. Mafundi wa wakati ule walioandika namba za mashine kwa mkono hawakuamini kwamba mtafsiri angeweza kutoa kazi yenye kasi inayokaribia ya kwao, na timu ya Backus ilitumia nguvu zake nyingi kuwathibitishia kwamba inawezekana. Swali la siku zile lilikuwa la kasi. Swali la uaminifu lilikuja baadaye, pale kompaila zilipoanza kuandikwa kwa lugha zilezile zinazozitafsiri. Mwaka 1962, Tim Hart na Mike Levin wa MIT waliandika kompaila ya Lisp kwa Lisp. Miaka kumi baadaye Dennis Ritchie alikuwa akiijenga lugha ya C katika maabara za Bell huko New Jersey, na kompaila ya C nayo ikaandikwa kwa C.

Tangu hapo tunaishi na jambo la ajabu ambalo tumelizoea mno. Ili kupata kompaila ya C unahitaji maandishi yake, na unahitaji kompaila ya C ya kuyatafsiri. Na hiyo nayo uliipata wapi?

Aliyelichimba swali hili hadi kwenye mzizi ni Ken Thompson, mwenzake Ritchie katika kuunda mfumo endeshi wa Unix. Wote wawili walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1983, na mhadhara wa Thompson wa kuipokea, Reflections on Trusting Trust, ulichapishwa Agosti 1984 katika jarida la Communications of the ACM. Una kurasa tatu. Sijui maandishi mafupi zaidi ya hayo katika fani yetu yenye uzito kama huo, na ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta ayasome kabla hajahitimu.

Thompson anaonyesha jambo dogo lisiloonekana kuwa na madhara. Katika lugha ya C, alama maalumu huandikwa kwa mkwaju wa nyuma ukifuatwa na herufi. Kwa mfano mkwaju na n ni mstari mpya. Ndani ya kompaila ipo sehemu inayosema: ukikuta mkwaju na n, toa alama ya mstari mpya. Lakini hapo ndani alama yenyewe imeandikwaje? Imeandikwa kwa mkwaju na n. Maandishi yanaieleza alama kwa alama ileile, na namba yake haikuandikwa popote.

Sasa tuseme tunataka kuongeza alama nyingine, mkwaju na v, ambayo namba yake ni 11. Mara ya kwanza hatuwezi kuiandika hivyo, kwa kuwa kompaila tuliyonayo haiijui. Tunaandika 11, tunatafsiri, na tunapata kompaila mpya inayoijua. Kisha tunayarudia maandishi, tunafuta 11, tunaweka mkwaju na v, na tunatafsiri tena kwa kompaila ile mpya. Kila kitu kinakwenda sawa. Namba 11 haipo tena katika maandishi. Imebaki ndani ya kompaila iliyokwisha tafsiriwa, na kila kompaila itakayotokana na hiyo itairithi. Anayegandisha maziwa kwa kijiko cha mgando wa jana anaielewa hali hii bila kusoma kompyuta: kilichomo katika kibuyu cha leo kilitoka katika kibuyu cha jana, na hakuna maelekezo ya upishi yanayokitaja.

Namba 11 haina ubaya wowote. Thompson akauliza: je, tukirithisha kitu chenye ubaya kwa njia hiyohiyo? Aliifanya kompaila itambue pale inapotafsiri programu ya Unix inayopokea jina na nywila ya mtumiaji, na kuchomeka ndani yake mlango wa uani: nywila moja ya siri inayofungua akaunti yoyote. Hiyo peke yake ingegunduliwa na yeyote anayesoma maandishi ya kompaila. Kwa hiyo akaongeza la pili: kompaila itambue pia pale inapojitafsiri yenyewe, na kuchomeka hila zote mbili katika kompaila mpya. Akatafsiri mara moja, kisha akafuta hila zote katika maandishi. Kuanzia hapo maandishi ya kompaila ni safi. Maandishi ya programu ya nywila ni safi. Yasome usiku na mchana, hutaona kitu. Mlango upo, na utaendelea kuwepo kila unapotafsiri upya.

Hakuificha asili ya wazo hilo. Alisema alilikuta katika ripoti ya Jeshi la Anga la Marekani iliyokosoa usalama wa mfumo wa Multics, nayo ni tathmini iliyoandikwa na Paul Karger na Roger Schell mwaka 1974. Wala halikuwa zoezi la karatasini tu: mwaka 2023, mwanaprogramu Russ Cox alichapisha msimbo wenyewe wa hila hiyo, yaani maandishi yake, kwa idhini ya Thompson na kuufafanua mstari kwa mstari. Haufiki mistari mia moja ya C.

Kama kuna anayedhani haya ni mambo ya maabara ya zamani, natoa mifano miwili. Septemba 2015 iligunduliwa kwamba waandishi wengi wa programu za simu za iPhone nchini China walikuwa wakitumia Xcode, yaani zana za Apple zenye kompaila ndani yake, waliyoipakua kutoka hifadhi za mtandaoni zisizo za Apple, kwa sababu kupakua kutoka kwa Apple kulikuwa kwa polepole mno. Nakala hizo zilikuwa zimechezewa. Programu zilizotengenezwa kwa nakala hizo zilipachikwa kipande kigeni bila waandishi wake kujua, na WeChat, inayotumiwa na mamilioni ya watu, ilikuwa miongoni mwao. Ukawa mkasa wa XcodeGhost. Wanafunzi wangu wanajua kwa nini nauleta hapa. Pale intaneti ilipo ghali na ya kusuasua, zana za kuandikia programu hupita mkono kwa mkono kwenye flashi. Silaumu mtu, umaskini wa bando si kosa la mwanafunzi. Lakini aliyekupa flashi amekupa na kompaila, na programu yoyote utakayomwandikia mteja wako itapita humo.

Mfano wa pili ni wa Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki pia katika kuendeleza hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine zake kwa mbali kulikuwa kunachelewa kwa karibu nusu sekunde. Wengine tungevumilia. Yeye alifuatilia, na tarehe 29 akatangaza kwamba xz, programu huria ya kubana mafaili, ilikuwa imetiwa mlango wa uani katika matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1, ambayo yalikuwa yamekwisha ingia katika matoleo ya majaribio ya mifumo endeshi ya Debian na Fedora. Aliyefanya hivyo alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga imani kwa kuchangia mradi huo kwa zaidi ya miaka miwili. Kilichonigusa mimi ni mahali palipofichwa hila. Kiini chake kilikuwa ndani ya mafaili yaliyoonekana kuwa ya majaribio tu, na maagizo ya kukiamsha yaliwekwa katika furushi la kupakua, hayakuwekwa katika hazina ya maandishi ambayo watu huisoma. Maagizo hayo yalifanya kazi wakati wa kujenga programu, katika ile hatua ambayo karibu hakuna anayeiangalia.

Thompson alihitimisha kwamba huwezi kuuamini msimbo ambao hukuuandika wote wewe mwenyewe. Hapo ndipo ninapotofautiana naye, kwa heshima kubwa. Hakuna mtu wala taifa linaloweza kuandika kila kitu lenyewe. Na miaka iliyofuata imeonyesha kwamba ipo njia kati ya kuamini kipofu na kutoamini kabisa.

Njia ya kwanza ni ya David Wheeler, aliyeichapisha mwaka 2005 na kuikamilisha katika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2009. Chukua kompaila unayoishuku, pamoja na maandishi yake. Tafuta kompaila ya pili, iliyotengenezwa na watu wengine kabisa. Yatafsiri maandishi ya ile ya kwanza kwa kutumia ya pili. Utapata kompaila ambayo namba zake ni tofauti, kwa kuwa mtafsiri ni tofauti, lakini tabia yake inapaswa kuwa ileile. Sasa itumie hiyo kuyatafsiri maandishi yaleyale tena. Safari hii matokeo yanapaswa kufanana na kompaila unayoishuku biti kwa biti. Yakifanana, maandishi na namba vinakubaliana, isipokuwa kama kompaila zote mbili zilitiwa hila ileile. Aliyetaka kukudanganya sasa analazimika kuziharibu zote mbili. Wheeler aliifanya kwa GCC yenyewe, kompaila kubwa ya programu huria, na ikafaulu.

Njia hiyo inadai kwamba kutafsiri maandishi yaleyale kutoe namba zilezile kila mara, na kwa muda mrefu haikuwa hivyo. Kompaila ilipachika saa ya ujenzi, jina la folda, mpangilio wa mafaili. Kuanzia 2013 watu wa Debian wamekuwa wakiziondoa tofauti hizo kifurushi kwa kifurushi. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na naiheshimu kuliko uvumbuzi mwingi unaopigiwa makofi.

Wapo pia waliotaka uthibitisho wa kihisabati. Xavier Leroy na wenzake nchini Ufaransa waliijenga CompCert, kompaila ya C yenye uthibitisho uliokaguliwa na mashine kwamba programu inayoitafsiri hubaki na maana yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza jinsi walivyozishambulia kompaila mbalimbali kwa programu za kubahatisha na kukuta hitilafu zaidi ya 325. Katika sehemu za CompCert zilizothibitishwa hawakupata kosa la tafsiri. Ni mafanikio makubwa. Hata hivyo CompCert hutafsiriwa na kompaila ya lugha ya OCaml, na swali letu linahamia huko.

Ndiyo maana kazi inayonivutia kuliko zote ni ya wale walioamua kuanza upya kutoka chini. Aprili 2023, mradi wa GNU Guix ulitangaza kwamba unaweza kujenga mkusanyiko wake wa programu kutoka kwenye mbegu ya baiti 357. Awali ulihitaji takriban megabaiti 250 za namba zilizokwisha tafsiriwa, ambazo hakuna binadamu angezisoma. Mbegu hiyo, iliyotokana na kazi ya Jeremiah Orians, hufanya jambo moja: husoma tarakimu mbilimbili za mfumo wa kumi na sita na kuandika baiti moja. Kwa mbegu hiyo kinaandikwa chombo kinachojua majina mafupi ya mahali, kisha kinachojua majina marefu, kisha kompaila ndogo ya sehemu ya C, kisha programu ya Mes ya Jan Nieuwenhuizen, kisha kompaila ndogo ya TinyCC, kisha GCC ya zamani, na kutoka hapo hadi GCC ya leo. Tarakimu za mbegu ni 714. Zinaenea ukurasa mmoja wa daftari, na mwanafunzi anaweza kuzifuata moja baada ya nyingine kwa kalamu.

Napendekeza somo letu la kompaila lianzie hapo. Kwa sasa tunaanza na nadharia ya sarufi na kuishia na mtafsiri mdogo wa lugha ya kubuni, tukiegemea kompaila ambayo hatuiulizi kitu. Nadharia ibaki, ni tamu na ina faida. Lakini wiki za kwanza ziwe za kusoma baiti 357, na mtihani mmoja uwe wa wanafunzi kuifanya njia ya Wheeler kwa mikono yao, kwa kompaila mbili. Hahitajiki mfadhili wala maabara mpya. Kompyuta tulizonazo zinatosha, na maandishi yote ni huria.

Kazi hiyo haijafika mwisho. Mnyororo wa Guix uliotangazwa 2023 bado ulihitaji kiini cha Linux kilichokwisha tafsiriwa, pamoja na nakala ya programu iitwayo Guile ya kuuendesha. Wapo wanaojaribu kuanza hata bila kiini hicho, kwa kiini kidogo kilichoandikwa kwa tarakimu zilezile za kumi na sita. Na kazi nyingi iliyokwisha fanyika ni ya prosesa za jamii ya x86, ilhali simu zilizomo mifukoni mwenu karibu zote ni za ARM; huko pana nafasi ya mikono mingi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu mnaotafuta mada ya mradi, waraka wa Thompson upo maktaba. Usomeni kwanza, kisha njooni ofisini tuanze.