Uwanja wa Afraha na Mji Wetu



Huenda mzee mmoja akauliza, mpira una habari gani katika chama cha kusaidiana na kuzikana? Unayo. Timu kadhaa za zamani za Kenya zilifungamana na vyama vya namna hii. Luo Union walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1964, na Abaluhya mwaka 1966. Majina hayo yalitaja kabila waziwazi, mpaka serikali ilipovivunja vyama vya kikabila mwaka 1980 na Abaluhya wakawa AFC Leopards. Lakini bingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa, mwaka 1963, alikuwa Nakuru All Stars, timu iliyojiita kwa jina la mji. Mimi naona fahari kwa jina hilo kuliko kwa kombe lenyewe.

Nyumba ya mpira wa mji huu ni Afraha. Ulinzi, timu ya jeshi, waliufanya makao yao, nao walikuwa mabingwa mwaka 2010. Wanasiasa nao waliupenda: hapo ndipo Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana William Ruto walipotangaza muungano wao Desemba 2012, wakarudi kwa maombi Aprili 2016. Hayo mnayajua.

Lisilosemwa sana ni la mwanzo wa 2008. Watu waliofukuzwa makwao katika Bonde la Ufa baada ya uchaguzi walikimbilia Nakuru, wakalala katika uwanja wa maonyesho na humo Afraha. Mahali ambapo watu wa kila kabila walikuwa wakishangilia pamoja, pakawa kimbilio la waliofukuzwa kwa sababu ya kabila.

Nakuru ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na serikali ya kaunti ikashika kazi ya kuujenga uwanja upya. Ni jambo jema. Ila jukwaa zuri huleta ada, na ada huwafungia mlango vijana wa Bondeni na Kaptembwa.

Kwa hiyo naomba Halmashauri iiandikie kaunti barua mbili. Ya kwanza, timu za mitaa na shule zitengewe siku zao, kwa ada wanayoiweza. Ya pili, liwekwe jiwe la ukumbusho wa waliolala humo mwaka 2008. Na mzee yeyote mwenye picha ya All Stars wa 1963, tafadhali amwazime Katibu. Itanakiliwa na kurudishwa.