Nembo ya Taifa na Pamba ya Usukuma

Leo nataka kuwaeleza habari za ile picha iliyopigwa chapa juu ya barua na vyeti vya Serikali, ambayo watu wengi huiita Bwana na Bibi. Ndiyo nembo ya taifa. Wengi huiona kila siku wasiitazame.

Kabla yake nchi hii ilikuwa na alama nyingine. Zamani za utawala wa Waingereza, Tanganyika ilitambulikana kwa kichwa cha twiga kilichotiwa katika bendera. Twiga ni mnyama mpole, asiye na kelele. Pengine ndiyo sababu watawala walimpenda. Tarehe 9 Desemba 1961 ikapandishwa bendera ya kijani, manjano na nyeusi, na Luteni Alexander Nyirenda akausimamisha mwenge katika kilele cha Kilimanjaro. Tanganyika na Zanzibar zilipoungana tarehe 26 Aprili 1964, rangi ya buluu ya Zanzibar ikaingia katika bendera, na twiga hakurudi humo.

Nembo basi ni ngao, nayo imeshikwa na mwanamume na mwanamke waliosimama juu ya mlima Kilimanjaro, kila mmoja ana pembe ya ndovu. Ndani ya ngao umo mwenge, imo bendera, limo jembe na shoka, na mkuki. Chini kabisa iko mistari ya mawimbi, ambayo ni bahari na maziwa. Sisi wa Kigongo hatuhitaji kuelezwa mawimbi: tangu zamani tulivuka kwenda Busisi kwa kivuko, hata daraja lilipofunguliwa mwaka 2025.

Lakini nataka mtazame miguuni. Penye miguu ya mwanamume uko mkarafuu, na penye miguu ya mwanamke uko mpamba. Karafuu ni ya Zanzibar na Pemba, kila mtu ajua. Pamba, je? Huko kusini, Wajerumani waliwalazimisha watu kuilima, na taabu ile ilikuwa sababu mojawapo ya vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907. Kwa watu wale mpamba ulikuwa mti wa kiboko. Huku Usukuma habari ilikuwa nyingine. Wakulima walilima wapate fedha zao, ila walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi iliwapunja. Hawakushika mikuki, walishika mizani. Waliungana katika vyama vyao, Paul Bomani akiwa kiongozi wao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikafanya shirikisho moja kubwa, makao yake Mwanza. Bwana Bomani baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Kwa hiyo nikiuona mpamba ule katika nembo, mimi naona mizani iliyonyoshwa, ingawa mtu wa Kilwa ana haki ya kuona jambo jingine.

Tena liko swali la nani aliyeichora. Mwaka 2017 alionekana mjini Dar es Salaam mzee mmoja, Francis Maige Kanyasu, aliyeitwa Ngosha, yaani mwanamume kwa Kisukuma. Alikuwa mgonjwa tena maskini, naye alisema kwamba mkono wake ndio uliochora nembo hii. Alipelekwa hospitali ya Muhimbili, akafa huko mwezi wa Mei mwaka huo huo. Watu wengine nao wametajwa kuwa wachoraji, na kila mmoja ana wanaomshuhudia. Mimi sihukumu. Hata hivyo naona vibaya kwamba swali hili liliulizwa kwa nguvu baada ya miaka zaidi ya hamsini, mzee akiwa kitandani, wakati ambapo waliofanya kazi hiyo pamoja wengi wamekwisha kufa.

Juu ya utepe wa nembo yameandikwa maneno Uhuru na Umoja. Jina la mchoraji halimo.