Amplifaya ya Besi: Ugonjwa Wake, Dawa Yake na Ombi Letu kwa Kamati

Hotuba ya kikundi cha mafundi na wanamuziki, iliyosomwa mbele ya Kamati ya Jamii katika maandalizi ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Kwanza tunaishukuru Kamati kwa kutuita tusimame hapa. Tunajua wengi mmekuja na swali moja tu: amplifaya ya besi itapigwa tarehe 20 au haitapigwa? Tutalijibu. Ila tunaomba mtuvumilie tueleze kwanza jinsi chombo hicho kilivyotufikisha karibu na msiba, maana makosa mengine yalikuwa yetu wenyewe.

Mnakumbuka Jumamosi ile ya mazoezi. Mpiga besi wetu alikuwa ameshika gitaa, akasogeza mdomo kwenye maikrofoni ili aitikie. Alirushwa chini mbele ya watoto, na mkono ukabaki umeng'ang'ania nyuzi. Aliyechomoa waya ni mama aliyekuwa akiuza karanga mlangoni, si sisi mafundi. Kijana alilala zahanati siku mbili, mdomo umeungua. Leo yuko hapa, mstari wa pili, na tunamshukuru Mungu. Kamati iliamuru amplifaya ifungiwe stoo, na wajumbe wengine wakasema iuzwe kwa watu wa vyuma chakavu. Hatukulalamika. Walikuwa na haki.

Sasa, chombo chenyewe ni kitu gani? Ni amplifaya ya Kimarekani ya miaka ya 1960, ya wati 50, tuliyopewa na kanisa moja lililokuwa limeiweka stoo miaka mingi. Haina transista. Inatumia valvu, zile chupa za kioo ambazo wazee wetu waliosoma kwa Kifaransa waliziita lampi. Leo Fender alianza kuuza gitaa lake la besi la umeme kule California mwaka 1951, na mwaka 1952 akatoa amplifaya yake, Bassman. Mwaka 1962 Jim Marshall na wenzake mjini London waliiga saketi ya Bassman kutengeneza amplifaya yao ya kwanza. Kwa hiyo fundi akiielewa moja, nyingi za zamani zimefunguka kwake.

Wapo wanaosema tuihifadhi kwa sababu sauti ya valvu ni tamu. Sisi sababu yetu ni nyingine. Ndani yake kila kipande kimelehemiwa kwa mkono, unakiona, unakigusa kwa ncha ya mita, unakitoa peke yake. Amplifaya za siku hizi zikiungua ubao, fundi wa kambini anabaki kutikisa kichwa.

Ugonjwa wa kwanza ulianza miezi mingi kabla ya Jumamosi ile. Chombo kilikuwa kikivuma kama nyuki, halafu baada ya dakika kumi besi inakuwa nyonge na yenye mikwaruzo. Tukichungulia kwa nyuma, valvu moja kubwa kati ya mbili sahani yake ya ndani imekuwa nyekundu kama kaa la moto. Sisi tukasema valvu imechoka. Tukachanga fedha za sabuni tunayotengeneza, tukaagiza mpya aina ya 6L6GC. Valvu ya 6L6 ilitolewa na RCA mwaka 1936, na jamii yake hutengenezwa hadi leo katika viwanda vichache vya nje, kwa hiyo inapatikana, ila bei yake inauma. Zikaungua. Tukaagiza nyingine. Nazo zikaungua. Jozi mbili, ndugu zangu, na fedha hizo zilikuwa za kikundi kizima. Na fyuzi ilipozidi kukatika, mmoja wetu aliifunga kwa uzi wa shaba. Hatumtaji, lakini yupo hapa na anacheka.

Kosa letu lilikuwa kumtibu mgonjwa aliyekuwa akilia bila kuuliza nani anampiga. Valvu ni chupa isiyo na hewa. Ndani kuna uzi unaopashwa moto hadi umeme unaanza kuruka kuelekea kwenye sahani. Katikati kuna wavu. Wavu huo ni kama askari wa mlangoni siku ya posho: mtu mmoja, kwa kuinua mkono tu, anazuia au kuruhusu umati. Katika amplifaya yetu, ili askari afanye kazi yake, wavu lazima uwe na umeme hasi wa volti kama 48. Ukipungua, mlango uko wazi, umati wote unaingia kwa mpigo, na sahani inawaka.

Tulitoa valvu kubwa zote mbili, tukawasha, tukapima kwenye soketi, mguu wa 5, ambao ndio wavu. Soketi moja ilisoma hasi 48. Ya pili ilisoma hasi 19. Soketi zilikuwa tupu, hivyo valvu haziwezi kulaumiwa tena. Nyuma ya soketi ile kuna kapasita ndogo, yenye unene wa kidole cha mtoto, inayopitisha sauti kutoka kwa valvu ndogo na kuzuia umeme mkubwa usipite. Tulizima, tukasubiri, tukainua mguu wake mmoja kutoka kwenye risasi, tukawasha tena. Soketi ikasoma hasi 48. Basi mwizi alikuwa amekamatwa. Kapasita ilikuwa imezeeka na inavuja, inapitisha umeme uliopaswa kuzuiwa. Tulibadilisha yake na ya mwenzake, mpya za volti 630. Kapasita mbili ndogo zingeokoa valvu nne!

Mvumo wa nyuki ulitoka kwa kapasita kubwa za kulainisha umeme, ambazo zikifika miaka hamsini huwa zimekauka ndani. Hizo tulibadilisha zote bila kubishana.

Hapa tunawaambia vijana mnaopenda kufungua redio: hizo kapasita kubwa hubaki na umeme wa zaidi ya volti 400 hata waya ukiwa umechomolewa, wakati mwingine kwa muda mrefu. Umeme huo unaua. Sisi tunachomoa, tunaunganisha rezista nene kati ya kapasita na chasisi kwa klipu zenye mpira, mkono mmoja ukiwa nyuma ya mgongo, halafu tunapima hadi mita isome sifuri. Na tunapowasha mara ya kwanza baada ya matengenezo, tunapitisha umeme kwenye balbu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi, si hizi mpya za kupunguza matumizi. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, kuna matumaini. Ikibaki kuwaka kwa nguvu zote, ndani kuna shoti, nasi tunazima kabla kitu hakijaungua.

Lakini yote hayo hayakumrusha kijana wetu. Kilichomrusha ni ugonjwa wa pili, na huo hausikiki kwenye spika.

Amplifaya hii ilitoka kiwandani na waya wa umeme wenye nyuzi mbili tu, hauna waya wa ardhi. Mafundi wa Marekani wakati ule walifunga kapasita moja kati ya waya wa umeme na chasisi ili kupunguza kelele. Ikiwa nzima inavujisha kidogo, unahisi vidole vinawashwa. Ikiharibika, chasisi yote inakuwa na umeme, na chasisi imeungana na nyuzi za gitaa. Yetu ilikuwa imeharibika. Kisha chombo cha Marekani kinataka volti 117, jenereta yetu inatoa 230, kwa hiyo tulitumia transfoma ya kupunguza. Ile tuliyonayo ni ya bei rahisi, ina mzunguko mmoja tu wa waya, haitenganishi upande wa kuingia na upande wa kutoka. Siku ile plagi ilichomekwa kinyume. Ndipo nyuzi za gitaa zikabeba volti 230, na maikrofoni ilikuwa imeungana na bodi ya jenereta. Kijana akawa daraja kati ya viwili hivyo.

Kwa hiyo tumefanya yafuatayo. Kapasita ile tumeikata na kuitupa. Hatukuweka nyingine, na yeyote asije akairudisha. Tumefunga waya wa nyuzi tatu, ule wa ardhi ukikazwa kwenye chasisi kwa skrubu yake peke yake. Uzi wa shaba umetoka, fyuzi ya kiasi kilichoandikwa na kiwanda imerudi. Tulipima kati ya nyuzi za gitaa na maikrofoni, plagi ikiwa upande huu na upande ule. Mita ilisoma sifuri mara zote mbili.

Sasa jibu la swali lenu. Chombo kimepona, lakini tunaomba kisipigwe tarehe 20 mpaka mambo mawili yapatikane. La kwanza ni transfoma yenye mizunguko miwili iliyotengana. Tumeuliza bei Kigoma mjini, na karatasi tumeikabidhi kwa Katibu. La pili ni nguzo ya chuma ya kuchimbiwa kando ya ukumbi, ili waya wa ardhi uwe na pa kwenda. Leo jenereta imekaa juu ya mbao na waya huo unaishia hewani. Kuchimba tutachimba wenyewe. Tunachohitaji ni chuma, na kibali cha kutoka kambini kwa mtu mmoja siku moja kwenda kuleta transfoma.

Vikikosekana, tutapiga magitaa makavu na ngoma, na besi itaimbwa kwa mdomo kama tulivyofanya mwaka 1996 tulipovuka ziwa bila kitu. Mpiga besi amekubali. Funguo za stoo ziko kwa Mwenyekiti wa ukumbi, na hatutazichukua bila barua ya Kamati.