Wanga na Moto wa Mwili

Wasikilizaji, mwili wa mwanadamu huchoma chakula usiku na mchana, hata alalapo. Wapo wadaio kwamba mtu akipunguza wanga, yaani ugali, viazi, mkate na sukari, moto huo huzidi na unene humtoka upesi.

Huko Marekani Bwana Kevin Hall na wenzake waliijaribu habari hiyo, wakatangaza matokeo mwaka 2016. Wanaume 17 wanene waliwekwa wodini, wakala wanga mwingi kwa majuma 4; kisha kwa majuma 4 mengine wanga ukaondolewa karibu wote, mafuta yakatiwa mahali pake, kalori zikiwa zile zile. Siku 2 za kila juma kila mtu alifungiwa katika chumba kidogo ambamo hewa avutayo na aitoayo hupimwa, maana hewa hiyo ndiyo ishuhudiayo nguvu ya moto. Moto ulizidi kweli, lakini kwa kalori kama 57 tu kwa siku. Ndizi moja mbivu huzishinda!

Mwaka 2018 Bibi Cara Ebbeling na wenzake walipata jibu jingine. Watu 164 waliokwisha kupungua uzito, ambao hofu yao ni unene usirudi, waligawanywa mafungu 3. Fungu la wanga kidogo lilichoma kalori kama 209 kwa siku kupita fungu la wanga mwingi. Bwana Hall aliyapinga mahesabu hayo, akasema kwamba yangaliangaliwa tangu kabla watu hawajapungua, tofauti ile ingalikuwa ndogo.