Kalamu ya Karani na Mashine Zilizoingia Chamani

(Maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, makarani na wajumbe wa bodi za vyama vya msingi, Masasi)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya karani wa chama katika wakati huu ambapo vyombo vya kazi vinabadilika karibu kila msimu. Nimekubali kwa moyo mkunjufu, maana katika ziara zangu za ukaguzi, vitabu vikishafungwa, naulizwa faraghani swali lilelile: "Ndugu Mkaguzi, je, kompyuta hii itaniachia kazi?"

Jambo hili si geni kwetu. Wazee waliomo humu wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa, hata vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Wanakumbuka pia viwanda vya kubangua korosho vilivyojengwa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa mikopo ya nje, hapa Masasi, Newala na kwingineko, vingine vikiwa na mashine za Kiitaliano na vingine za Kijapani. Korosho za nchi nzima, ambazo katika msimu wa 1973/74 zilifikia tani 145,000 hivi, zilianguka hata kuwa chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Watu walikuwa wamehamia vijijini na kuiacha mikorosho mbali, bei ilikuwa duni, na ubwiriunga ukaingia. Viwanda vikakosa malighafi vikafungwa, na baadhi vikageuzwa maghala. Basi, aliyejua kuendesha mashine ile tu alitoka mikono mitupu, kwa kuwa mashine yenyewe ilikuwa imesimama. Fundi umeme na mtunza hesabu walikuwa na ujuzi wa kwenda nao mahali pengine.

Nauweka mfano huo mbele yenu kwa sababu naona tunataka kulirudia kosa hilo.

Tangu msimu wa 2007/08 mkoa wetu unauza korosho kwa stakabadhi ghalani. Kwa miaka mingi wanunuzi waliandika bei zao kwenye karatasi wakazitia katika sanduku, nalo likafunguliwa mbele ya wakulima. Kuanzia Oktoba 2024 minada imeingia katika mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa Tanzania. Tume ya Maendeleo ya Ushirika nayo imeleta MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, na malipo ya mkulima hupita benki. Zamani karani alisifiwa kwa mwandiko mzuri. Sifa hiyo imekwisha, nasi tusidanganyane.

Hata hivyo, nitawasimulia jambo nililolikuta katika chama kimoja ambacho sitakitaja. Bibi mmoja alikuwa amekaa majuma matatu bila fedha, na majirani zake waliopeleka korosho siku ileile walikwisha kulipwa. Karani, kijana mwepesi sana wa kompyuta, akamwambia: "Bibi, mfumo unaonyesha umelipwa." Bibi akajibu: "Mjukuu wangu, korosho zangu sikuupa mfumo. Nilikupa wewe."

Kijana hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu. Alikuwa hajui tu mahali pa kutazama baada ya kioo cha kompyuta. Katibu mzee wa chama hicho, aliyekuwa anasubiri kustaafu, aliomba kitabu cha stakabadhi za kupokelea korosho, akatafuta kishina cha siku ile, akalinganisha namba ya akaunti na orodha iliyopelekwa benki. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na fedha za bibi zilikuwa zimeingia kwa mwanachama mwingine, ambaye sehemu yake alikwisha kununulia bati. Hakukana deni. Iliyobaki aliirudisha, na iliyotumika aliilipa msimu uliofuata.

Ningependa kuishia hapo na kumsifu mzee, lakini haki haitakuwa imetendeka. Mzee huyo alikataa katakata kujifunza kuingiza taarifa. Neno lake la siri alimwachia kijana wa jirani ambaye hakuwa hata mwajiriwa wa chama. (Natazama nyuso, naona wengine wanacheka. Nimelikuta jambo hili katika vyama vingi kuliko mnavyodhani, nami silichekei.) Alipoondoka, aliondoka na ujuzi wote wa vishina, na chama kikabaki na kijana na kioo chake.

Kwa hiyo, ndugu makarani, mimi siwaambieni mfukuzie kila mashine inayokuja. Mashine ya leo itaondoka kama lilivyoondoka sanduku. Kinachofaa ni kuijua safari ya kilo moja ya korosho, kutoka mizani ya chama hadi ghala kuu, hadi mnadani, hadi akaunti ya mkulima: unyaufu uliingia wapi, daraja lilishuka kwa nini, kila senti ya makato inakwenda kwa nani. Anayeijua njia hiyo atafundishwa mfumo mpya kwa siku chache, na atakuwa wa kwanza kuona mfumo unaposema uongo. Naye akihama ushirika, ujuzi huo utatafutwa benki, ghalani na kiwandani.

Vijana mlio na cheti cha kidato cha nne tu, kama nilivyoanza mimi, msijidharau. Chuo cha Ushirika Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu mwaka 2014, hakikuwekwa kwa ajili ya wenye shahada peke yao. Ulizieni kozi zake fupi, tena mwulize kabla ya msimu, si mwezi wa kumi magunia yanapopanga foleni.

Neno langu kwa wajumbe wa bodi ni kali kidogo. Mjumbe mmoja aliniambia, "Tukimsomesha atahamia benki." Huenda. Lakini asiyejua chochote hahami. Atakaa nanyi miaka kumi, na kila mwaka mtamlipia makosa yake. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha chama chao mwaka 1844 wakiwa maskini, walikuja kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa elimu. Nimepitia makadirio ya vyama vilivyomo humu. Posho za vikao zimo, na mafuta ya pikipiki yamo. Fungu la elimu ya mtumishi nimeliona katika vyama viwili tu.

Makadirio ya msimu ujao hayajapitishwa bado na mikutano mikuu yenu. Nimekuja na nakala zake, na baada ya chakula nitakaa chini ya mwembe ule na bodi moja baada ya nyingine. Makatibu mje na vitabu vya vishina. Makarani mje na orodha za malipo, nanyi mtalinganisha wenyewe mbele yangu.